Linki za Bi Kidawa na Jiko la Shemeji wa Taifa

Mwenye kukaa na akae, mwenye haraka na apite salama, maana nchi ya Kwetupazuri haisimuliwi kwa kusimama. Mkiitafuta kwenye ramani mkaikosa, msiilaumu ramani. Wakwetupazuri wenyewe husema ramani ndiyo haijaendelea.

Ni nchi yenye amani, utulivu na kona nyingi barabarani. Kona zile zina sababu yake. Huko mtu hakuelekezi mahali bure. Ukiuliza njia ya kwenda posta, utapitishwa kwanza duka la viatu la binamu yake huyo unayemuuliza, kisha kwa kinyozi, kisha kwa mama wa maandazi, na kila mmoja ana chochote anachompa aliyekuleta. Chochote hicho huitwa cha juu. Wahandisi walipokuja kutia lami, waliwauliza wananchi barabara ipite wapi, nao wakaelekezwa. Ndiyo maana njia ya kwenda hospitali ya mkoa inapita mara mbili mlangoni kwa fundi wa majeneza.

Intaneti ilipofika, desturi ile ikahamia humo na virago vyake vyote. Mwenye tovuti aliweka linki ya kwenda dukani, msomaji akaibonyeza akanunua, na mwenye tovuti akapata cha juu, ila sasa kiliitwa kamisheni kwa sababu kimeingia kwenye kompyuta.

Zamani Wakwetupazuri walitumia mashine ya kutafutia ya kigeni. Siku moja Mtukufu Baba Mtangulizi, Rais wa nchi, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, "kiongozi mwenye busara kuliko wote," na mashine ikamletea picha ya mtu mwingine, tena marehemu. Ikapigwa marufuku kabla chai haijapoa. Waziri wa Nafasi na Mpangilio akaagiza nyingine kutoka ng'ambo, akaipaka rangi za bendera, akaiita Nitafutie, na siku ya uzinduzi akatangaza chini ya hema, "Mashine hii imebuniwa hapa, imeundwa hapa, na hata waya zake zimelimwa hapa!" Watu walipiga makofi mpaka hema likayumba. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuwapigia simu walioiunda kuwauliza inavyofanya kazi. Utamuulizaje jirani jinsi ya kumlea mtoto uliyemwambia dunia nzima kuwa ni wako?

Kumbe Nitafutie ilikuwa na tabia zake. Kila linki ya kwenda mahali iliihesabu kuwa sifa, na aliyesifiwa sana alipanda juu. Lakini sifa ya kulipwa haikuihesabu, mradi mwenyewe ameitia alama ya kusema hii ni biashara. Na aliyeficha kwamba amelipwa, ikimgundua, ilimtupa kurasa za nyuma huko ambako hata mbu hafiki. Mashine yenye tabia hiyo, katika nchi inayoendeshwa kwa sifa, ni sawa na kuleta paka kwenye kikao cha panya.

Sasa tuje kwa Bi Kidawa Machano. Huyu alikuwa mpishi wa maharusi mpaka mgongo ulipomwambia basi, akafungua tovuti akaiita Jiko Halidanganyi. Kazi yake ilikuwa kujaribu majiko: ya mkaa, ya gesi, ya umeme, ya pumba. Kila jiko alilipikia chakula kilekile, maharage, na kipimo chake hakikuwa saa wala kipimajoto. Kilikuwa shangazi yake, Bi Nunu, kibogoyo asiyebakiwa na jino hata la kuaga. Maharage yakipita kwenye fizi za Bi Nunu bila ugomvi, jiko limefaulu. Yakigoma, jiko limefeli, hata kama limetengenezwa na malaika.

Bi Nunu alikuwa na huzuni moja tu maishani, nayo ilikuwa karanga. Alizipenda kuliko marehemu mumewe, na hakulificha hilo hata msibani. Tangu meno yamtoroke alibaki kuzinusa tu.

Chini ya kila linki Kidawa aliandika: "Ukinunua kupitia hapa, mimi Kidawa napata kamisheni. Bei yako ni ileile." Nyuma ya linki akatia ile alama inayosomwa na mashine. Wenzake wa kazi hiyo walimcheka.

"Dada, unajiumbua! Mteja akijua unapata, atakuamini vipi?"

"Mteja si mtoto," Kidawa alijibu. "Anajua mpishi huonja. Anachotaka ni aonje hadharani."

Waliomwamini walimwekea linki bila kulipwa, na hivyo ukiiuliza Nitafutie "jiko gani zuri," wa kwanza kuja alikuwa Kidawa. Mabibi harusi walimsoma, na mama wakwe waliwauliza wakaza wana wao, "Umemsoma Kidawa, au umenunua tu?" Nafasi ile ya kwanza ndiyo ilikuwa shamba lake. Ilitoa kodi ya nyumba na dawa ya magoti ya Bi Nunu, na zaidi ya hayo ilitoa jina, kitu ambacho Kidawa alikipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Asubuhi moja gari la serikali likasimama mlangoni, akashuka Bwana Audifasi Kipengele, Mkurugenzi wa Idara ya Linki. Alikuwa mtu mnene wa maneno na mwembamba wa mengine yote.

"Bi Kidawa," alisema baada ya kukohoa kikohozi cha kiofisi, "Serikali imekuja."

"Karibu, Serikali," Bi Nunu aliitikia kutoka mkekani. "Viatu acha mlangoni."

Serikali ikavua viatu. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikachungulia kuona nyumba ya watu. Tangu hapo Mkurugenzi alihutubia akiwa amekanyaga mguu mmoja kwa mwingine.

"Kama mnavyofahamu, au kama mnavyopaswa kufahamu, Shemeji wa Taifa amelizalia taifa jiko."

Shemeji wa Taifa ni cheo, tena kikubwa, kina ofisi na king'ora. Hupewa kaka wa mke wa Rais, baada ya ushindani mkali ambao yeye peke yake huruhusiwa kushiriki.

"Linaitwa Jiko la Ukombozi," Kipengele aliendelea. "Lakini mwananchi akiandika 'jiko' kwenye Nitafutie, jiko hili linatokea ukurasa wa arobaini, chini ya makala ya kufukuza popo darini. Popo, Bi Kidawa! Popo wanamtangulia Shemeji!"

"Pole zao," alisema Bi Nunu, bila kufafanua za nani.

"Kwa hiyo Wizara imekuteua. Utaweka linki za Jiko la Ukombozi kwenye tovuti yako, nyingi, zisizo na yale maandishi yako ya kamisheni wala ile alama ya mashine. Uzalendo hauandikiwi kamisheni."

"Kwani kamisheni haipo?" Kidawa aliuliza.

"Ipo."

"Inakwenda kwa nani?"

"Kwa uzalendo," alisema Kipengele. Akatazama dari. "Kupitia akaunti yangu."

"Na nikikataa, Mheshimiwa?"

"Hapa hakuna anayelazimishwa, dada yangu. Tutaiagiza tu mashine ikuhamishie ukurasa wa arobaini. Kule nako ni Kwetupazuri."

Kama Kidawa angejiuliza kwa nini mtu mwenye uwezo wa kuiagiza mashine amekuja kuvua viatu kwake, hadithi ingeishia hapa nasi tukaenda kulala. Lakini woga haujui kuuliza maswali. Aliomba jambo moja tu: aruhusiwe kulijaribu jiko kwanza.

Jiko likashushwa garini. Lilikuwa zuri la kupendeza, lina picha ya Baba Mtangulizi kwenye kila kitufe. Kidawa akateleka maharage, akazungusha kitufe, na jiko likaanza kupiga wimbo wa taifa.

Mnapaswa kujua sheria za Kwetupazuri. Wimbo wa taifa ukipigwa, kila raia husimama wima, mikono ubavuni, macho mbele, mpaka ubeti wa mwisho. Nao una beti nyingi, kwa sababu kila waziri mpya huongeza wake. Kidawa akasimama wima. Kipengele akasimama wima, kidole gumba nacho wima. Sufuria ikachemka, ikafurika, povu likamwagika, na hakuna aliyeweza kunyoosha mkono. Wimbo ulipokwisha Kidawa akaruka kupunguza moto, na alipogusa kitufe tu wimbo ukaanza upya.

"Ni ubunifu," Kipengele alinong'ona bila kugeuza shingo. "Linapiga kila linapoguswa."

Bi Nunu peke yake alikuwa amekaa. "Msinitazame," alisema. "Magoti yangu hayajapata uhuru."

Mwishowe jiko likazimika lenyewe kwa uchovu. Kidawa akapakua, shangazi akaonja, akalizungusha tonge mdomoni mara mbili tatu, akalitema kwenye kitambaa.

"Juu mabichi, chini makaa. Katikati sijafika."

"Ni ladha ya mwanzo wa safari ya maendeleo," alisema Kipengele.

"Baba, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki chako kimetembea mpaka kimepanda gari la serikali."

Lakini Kidawa alikuwa akiufikiria ukurasa wa arobaini, na kodi, na magoti yale. Mwenye nguvu mpishe, alijiambia. Alikaa kwenye kompyuta, na Kipengele akasimama nyuma yake akimwelekeza kwa furaha. Wakaweka linki juu, wakaweka chini, wakaweka pembeni. Hazikumtosha Mkurugenzi. Akaamuru kila neno "na" kwenye tovuti nzima ligeuzwe linki, hivyo aliyesoma "chumvi na pilipili" akibonyeza hapo katikati alijikuta dukani kwa Shemeji wa Taifa. Maandishi ya kamisheni yakafutwa, na alama za mashine zikang'olewa. Juu kabisa Kidawa akaandika: "Jiko la Ukombozi ni jiko la mfano." Akajifariji kwamba hakusema mfano wa nini.

 Bi Nunu aligeukia ukutani na kujifunika kanga, na jioni alipoitwa aonje jiko jingine alisema hana njaa. Kidawa angependelea kutukanwa.

Nitafutie haikuwa na shemeji wala cheo. Ilipita kwenye tovuti ya Kidawa kama inavyopita kwa watu wote, ikaona "na" zote zile zinaelekea duka moja, zote zimeficha kwamba zinalipiwa, ikafanya ilivyoundwa kufanya. Kidawa alipoamka akaandika "jiko gani zuri," hakujiona. Akafungua ukurasa wa pili, wa tano, wa ishirini. Alijikuta wa arobaini, chini ya popo. Jiko la Ukombozi, lililomshikilia shati, lilikuwa limeporomoka naye mpaka chini ya makala ya minyoo.

Hilo lilimuuma, lakini lililomvunja lilikuja siku chache baadaye kwa simu. Alikuwa bibi harusi wa juzi, sauti yake bado ina hina.

"Dada Kidawa, mimi nililinunua hilo jiko kwa neno lako wewe, si la Shemeji. Nilikuamini wewe. Mama mkwe kaja mara ya kwanza kwangu, wimbo umepiga, tumesimama wote wawili wima tunatazamana, pilau inaungua katikati yetu. Nilikuwa nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Wewe ulilionja?"

Kidawa alikata simu. Alilia kwa aibu, kilio cha mtu mzima ambacho hakina wa kumbembeleza. Kisha akanawa uso, akaketi kwenye kompyuta, akaanza kung'oa "na" moja baada ya nyingine. Akarudisha maandishi yake chini ya kila linki, akarudisha na alama. Juu ya tovuti akaandika: "Nililisifu Jiko la Ukombozi kwa woga. Bi Nunu alilionja akasema: juu mabichi, chini makaa. Mlionunua kwa ajili yangu, nisameheni." Akabonyeza kabla ujasiri haujakwisha.

"Shangazi," aliita, "nimeyaandika maneno yako."

"Yale ya katikati sijafika umeyaandika?"

"Nimeyasahau."

"Yaongeze," alisema Bi Nunu, na kanga ikashuka usoni.

Gari la serikali halikukawia kurudi, safari hii kumchukua Kidawa mpaka wizarani. Waziri wa Nafasi na Mpangilio alikuwa nyuma ya meza pana sana, na Kipengele pembeni yake akitoka jasho. Ilikuwa wazi kwamba tangu alfajiri waliiagiza mashine, wakaibembeleza, wakaifokea, hata wakaiimbia wimbo wa taifa, nayo ikakaa kimya. Waziri alikuwa na shida kubwa kiasi kwamba hakuwa na nafasi ya kukasirika.

"Mama, mwanzo ulikuwa wa kwanza. Ulifanya nini?"

"Mheshimiwa, nilikuwa nasema pale ninapolipwa."

Waziri akainuka taratibu kitini, kama mtu aliyesikia jina lake redioni. "Kumbe! Anayetangaza kwamba amelipwa hupanda!"

"Hapana, Mheshimiwa, alama haimpandishi mtu. Mimi naweka ili nisiwe mwongo. Kinachopandisha ni ile kazi ya..."

"Kipengele! Huyu mama aliandika ngapi?"

"Moja kila linki, Mheshimiwa."

"Sisi tuandike kila mahali! Serikali haiwezi kuwa ya pili kwa mpika maharage. Popote penye sifa, na popote penye mtu aliyepata chochote, alama iwekwe, tena kwa herufi kubwa!"

Katika Kwetupazuri amri ya waziri haitekelezwi tu, hushindaniwa. Idara zilikesha zikitafuta ipi itatangaza zaidi, na asubuhi nchi ikaamkia jambo ambalo haijawahi kuliona. Kwenye tovuti ya Ikulu paliandikwa: "Wananchi wampongeza Baba Mtangulizi. ALIYEANDIKA HAYA AMELIPWA." Chini ya picha ya umati uwanjani: "HAWA WALIPEWA FULANA NA SODA." Shairi la kumsifu Rais lilikuwa na alama kila ubeti, maana mshairi alilipwa kwa beti. Taarifa ya uchumi kukua ilitiwa alama. Makala ya profesa kueleza kwa nini kona za barabarani ni nzuri kwa afya ilitiwa alama mbili. Utabiri wa hali ya hewa peke yake haukuwa na alama, na siku hiyo kwa mara ya kwanza watu waliuamini, wakabeba miavuli, na mvua ikanyesha kweli.

Nitafutie ilisoma yote hayo kwa utiifu. Sifa za kulipwa ikaacha kuzihesabu kama ilivyoombwa, na ilipotafuta zilizobaki haikukuta kitu. Serikali nzima ikateremka polepole, wizara kwa wizara, ikawapita popo, ikawapita minyoo. Ukiandika "kiongozi," ilikujia habari ya kondoo dume mmoja wa kijijini aliyelirudisha kundi zizini peke yake. Yeye hakuwa amemlipa mtu.

Kidawa naye alikuwa akipanda. Mabibi harusi waliambiana habari ya ukurasa ule wa msamaha, wakauwekea linki bila kuombwa, na wenye kuunguliwa pilau wakawa wengi wa kutosha kumrudisha palepale pa kwanza.

Baraza la Mawaziri lilikaa. Kumfunga Kidawa ilikuwa vigumu, kwani kosa lake lilikuwa kufuata kabla ya wengine amri ambayo nchi nzima sasa inaifuata. Ndipo Shemeji wa Taifa mwenyewe, ambaye huwezi kusema hana akili ila huitumia kwa uangalifu, akatoa wazo. Tatizo si jiko, alisema. Tatizo ni kipimo.

Baada ya hapo Bi Nunu akaitwa uwanjani, mbele ya bendi na kamera, na Waziri akahutubia. "Serikali hii sikivu haitamwacha kibogoyo yeyote nyuma! Meno ni haki ya msingi!" Akafunua kisanduku chenye kitambaa chekundu. Ndani mlikuwa na meno kamili, juu na chini, mawili ya mbele ya dhahabu.

Kidawa, aliyekaa safu ya nyuma, alielewa papo hapo. Mwenye meno yale angetafuna maharage mabichi, angetafuna hata makaa. Tangu leo kila jiko lingefaulu.

"Uyakatae, Shangazi," alinong'ona, ingawa kutoka pale hakuna aliyemsikia.

Bi Nunu aliyavaa. Akachukua karanga moja kutoka kwenye sahani aliyoshikiwa na Kipengele, akaitafuna mbele ya taifa. Mlio ulisikika kwenye vipaza sauti. Machozi yakamtoka mzee wa watu, akachukua nyingine, na nyingine, na uwanja wote ukashangilia. Kidawa hakuwa na moyo wa kumlaumu. Alijua miaka aliyozinusa.

Kipengele aliwarudisha nyumbani kwa gari, na nyuma ya gari mlikuwa na Jiko la Ukombozi, toleo jipya, ambalo picha za Rais zilikuwa zimeongezwa tabasamu. Akalishusha, akavua viatu bila kuambiwa. Maharage yakatelekwa. Wimbo ukaanza, Kidawa akasimama wima, Mkurugenzi akasimama wima, povu likamwagika. Mwishowe jiko likazimika, na Kidawa akapakua bila kumtazama mtu usoni.

Bi Nunu aliisogeza sahani. Kisha akatia vidole mdomoni, akayatoa meno, ya juu kwanza halafu ya chini, akayatumbukiza kwenye glasi ya maji iliyokuwa kwenye mkeka.

"Kidawa, chukua karatasi. Andika nibandike hapa kwenye glasi."

"Niandike nini, Shangazi?"

"Andika: haya nimepewa na Serikali. Nayatumia kwa karanga tu."

Kidawa akaandika. Bi Nunu akaibandika, akaitazama kama inasomeka kutoka mlangoni, kisha akatia tonge kwenye fizi zake tupu. Alilizungusha bila haraka. Kipengele, kidole gumba nje ya soksi, alisogea kusikiliza.

"Bado," alisema Bi Nunu.

Kidawa akaliandika neno hilo kwenye tovuti kama lilivyotamkwa, na chini yake hakuweka alama yoyote, kwa kuwa hilo hakuna aliyelilipia.